Waliotoka na Vyombo Vyao

Masomo: Kutoka 12:31-39, 2 Wafalme 4:1-7, Yohana 6:1-13

Wapendwa wasomaji wa gazeti letu, ndugu wa Base Camp, Juru na Rubondo, na ninyi mliofika juzi ambao bado mko Kabazana mkingoja kuonyeshwa kiwanja, nawasalimu katika jina la Bwana aliyetuvusha mpaka. Wengi mmeniomba niandike lile somo nililofundisha Jumapili iliyofuata harusi. Wengine mlikasirika nalo. Hao nao nawaandikia, tena kwa upendo, maana baadhi yenu mlikuwa na haki ya kukasirika.

Tuanze na usiku ule Waisraeli walipotoka Misri. Farao aliwafukuza usiku. Hakuna mtu mzima kati yetu asiyeujua usiku wa namna hiyo. Mlango unagongwa, watoto wanaamshwa, kila mtu anashika kile mkono wake ulichokuta. Namjua ndugu mmoja aliyetembea hadi alfajiri akiwa ameshika pasi ya makala, wala hana hata shati la kupiga pasi. Sasa someni mstari wa 34. Biblia haipotezi maneno, lakini hapo inasimama kutueleza akina mama walibeba nini. Walichukua unga uliokandwa ambao haujachachuka, na mabakuli ya kukandia wakayafunga katika nguo zao, wakajitwika.

Walikuwa na fedha pia, na dhahabu, mistari inayofuata inasema. Lakini mimi nayatazama yale mabakuli. Bakuli la kukandia ni chombo cha kila siku. Mama amekandia jana, ameosha, atakandia kesho, na binti yake atalirithi. Watu hawa walikuwa wakimbizi kamili, bila nyumba, bila shamba, wanakwenda kulala katika mahema. Hawakujua watakaa njiani siku ngapi, wala hakuna aliyewaambia kwamba itakuwa miaka 40. Hata hivyo walitoka na vyombo vyao, kama watu wanaojua kwamba kesho kutakuwa na mtu wa kulishwa.

Nasema haya kwa sababu ya neno moja ninalolisikia hapa kila siku. Ukimwambia kijana asitupe mfuko wa nailoni mferejini, ile ambayo sisi tuliizoea kwa jina la sashe na wenyeji wanaiita kavera, anakujibu: "Mzee, hapa si kwetu. Sisi ni wapitaji." Sitamhukumu, maana hata mimi nilisema hivyo. Nilipofika nilipewa shitingi, miti na sufuria, nikaijenga ile nyumba kama mtu anayeondoka wiki ijayo. Sikuchimba shimo la taka. Nilinunua vikombe vyepesi vya plastiki, vikipasuka navitupa, nanunua vingine. Mama watoto aliomba kikapu cha kwendea sokoni, nikamwambia tutanunua tukifika nyumbani. Tangu nilipotamka neno hilo tumezaa watoto wawili, na mkubwa wao sasa anasoma sekondari.

Mtu akijiona mpitaji, vitu vyake navyo vinakuwa vya kupita. Anatumia mara moja, anatupa. Basi nilianza kuhesabu. Nyumbani kwangu tuko watu 8. Kwa juma moja niliweka pembeni kila sashe iliyoingia mlangoni: ya nyanya, ya ndagala, ya chumvi, ya sukari ya robo, vile vifundo vidogo vya mafuta ya kupikia. Zilikuwa 23. Mtoto wangu anayependa hesabu akazidisha kwa majuma 52, akaniambia, "Baba, ni 1,196 kwa mwaka." Nyumba moja tu. Na kwenye mstari wetu hakuna gari la taka linalopita. Kila nyumba ina shimo lake, na shimo likijaa unachimba jingine katika kile kile kiwanja unachopandia maharage. Maganda ya ndizi na maganda ya mahindi yanaoza, yanakuwa mbolea. Sashe haiozi. Utakapolima pale baada ya miaka mitano, jembe litaitoa ikiwa bado na rangi yake.

Zisipoingia shimoni zinaruka. Mwaka juzi, msimu wa mvua, ng'ombe wa mwenyeji mmoja alikufa karibu na njia yetu. Alikuwa ng'ombe jike mzuri, wa zile pembe ndefu za Ankole. Alikuwa amevimba tumbo siku kadhaa, hali, hacheui. Mwenye ng'ombe alimpasua, akatuita sisi viongozi wa kanisa tuje kuona. Ndani ya tumbo mlikuwa na donge la nailoni limejisokota pamoja na nyasi, kubwa kama kichwa cha mtoto. Ng'ombe hawezi kulitapika wala kulipitisha. Linakaa pale, na tumbo linafikiri limeshiba.

Tulitegemea matusi. Yule mzee hakutukana. Alimgeukia shemasi wetu ambaye anaisikia lugha yao, akamwuliza, "Kwenu mlifuga?" Shemasi wetu ni mtu wa Masisi. Akajibu, "Nilikuwa nao 14." Wakanyamaza wote wawili kwa muda mrefu, wakilitazama lile donge. Mimi niliona shemasi akifuta macho.

Mwenyekiti alipokuja kusuluhisha, kesi ilishindikana mara moja. Nani alipe? Sashe haina jina la mtu. Kila nyumba ilisema si yangu, na kila nyumba ilikuwa na sashe mlangoni. Kanisa lilikusanya mkono wa pole, haukufika hata robo ya bei ya ng'ombe. Mzee aliupokea kwa heshima. Lakini tangu siku hiyo hapitishi ng'ombe wake upande wetu, na ile samadi tuliyokuwa tukipata kwa shamba la kanisa imekwisha. Yeremia aliwaandikia watu wa uhamishoni Babeli, sura ya 29, akawataka wajenge, wapande bustani, na wautafute usalama wa mji waliopelekwa. Hakuwaambia wangoje kwanza mpaka mji uwe wao.

Ndugu waliopitia Rwanda wanajua kwamba kule mifuko hii ilikatazwa tangu 2008, na ukiwa nayo mpakani unanyang'anywa. Kenya waliizuia Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Hapa Uganda sheria ya mazingira ya 2019 inakataza ile myembamba, chini ya mikroni 30. Lakini nani kati yetu amekosa kuiona sokoni? Kwa hiyo siwaombi mngoje polisi.

Kabla sijaendelea, akina mama, naomba jambo moja kwa unyenyekevu. Acheni kuwashia makala kwa sashe. Najua inashika haraka, hasa asubuhi ya mvua. Ule moshi mweusi una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mtoto aliye mgongoni. Matone yake yanadondokea makala yale yale yanayopika maharage. Tumieni maganda makavu ya mahindi, au majani makavu ya mgomba, ambayo Isingiro hayajawahi kupungua.

Sasa twende Yohana 6. Wanaume kama 5,000 wamekula, bila kuhesabu wake na watoto. Yohana anasema mahali pale palikuwa na majani mengi, watu wakaketi juu yake. Walipokwisha kushiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wavikusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee chochote. Fikirini ni nani aliyetoa agizo hilo. Ni yule ambaye dakika chache kabla alikuwa ametoa mikate kutoka mikate mitano. Kama kuna mtu duniani aliyeweza kusema "acheni, kesho nitafanya mingine," ni yeye. Lakini akawainamisha mitume kuokota mabaki. Vikajaa vikapu 12. Naamini jioni ile majani yalibaki kama yalivyokuwa, na mwenye malisho hakukuta uchafu wa mkutano wa injili.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye habari ya harusi, na hapo ndipo tulipokwaruzana.

Harusi ile niliibariki mwenyewe. Ilikuwa njema, kwaya iliimba, chakula kilitosha, jambo ambalo siku hizi si dogo. Mnajua msaada wa chakula ulipunguzwa Aprili 2020, ukapunguzwa tena Februari 2021, na tangu 2023 familia zimegawanywa makundi, nyingine hazipati kitu. Hata hivyo wazazi walijibana, wakanunua sahani nyeupe za kutupa, vikombe vya kutupa, vijiko vya kutupa na maji ya chupa. Jumapili asubuhi nilikuta uwanja wa kanisa umekuwa mweupe. Upepo ulikuwa umeshaanza kuvipeleka upande wa ziwa, lile lile ziwa Nakivale ambalo maji yake tunachotewa, yanasafishwa, tunayanywa. Mimi na mlinzi tuliokota tangu saa kumi na mbili, tukajaza magunia 6. Halafu nikapanda madhabahuni nikiwa na mikono michafu na hasira, nikahubiri. Hiyo hasira natubu. Baba wa bwana arusi aliniambia baadaye, "Mchungaji, ulitaka wageni wangu wale kwenye nini? Nilitaka na mimi siku moja nionekane mtu." Neno hilo liliniingia. Ni kweli, zile sahani nyeupe zilikuwa heshima yake. Alikopa pesa kuzinunua, na mkopo bado anaulipa.

Lakini ndugu zangu, hebu kumbukeni harusi za kwetu, kule Rutshuru, Bunyakiri, Fizi. Nani alikuwa na sahani 200? Hakuna. Siku moja kabla, wasichana walitumwa nyumba kwa nyumba kuazima. Kila mama alitoa zake, na chini ya kila sahani palikuwa na alama: huyu nukta mbili za rangi ya kucha, yule msalaba wa rangi nyekundu, mwingine kikwaruzo cha msumari. Baada ya sherehe mabinti waliosha usiku kucha wakicheka, na kesho yake wakazunguka tena kurudisha. Sahani haikurudi tupu, ilirudi na kipande cha nyama au mkungu wa ndizi. Mama aliyenuniana na mwenye harusi naye aliazimwa, na hapo hapo wakapata sababu ya kusema. Mimi nimeona ugomvi wa miaka miwili ukiisha kwa sahani 6.

Sahani ya kutupa haimrudishi mtu kwa jirani yake. Unakula, unaiacha, umekwisha. Hapa tumewekwa pamoja watu wa makabila na mataifa mbalimbali, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, na wengine tulitoka kwetu tukiwa tumekimbizana sisi kwa sisi. Sioni kwa nini tulipe pesa ili tusiazimane.

Someni tena 2 Wafalme 4. Mjane, mume amekufa, mdai amekuja kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa. Elisha anamwuliza ana nini nyumbani. Hana kitu ila chupa ya mafuta. Basi anatumwa kwa majirani zake wote akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Nimelihubiri andiko hili mara nyingi nikisema habari ya imani ya mjane, na ni sawa. Lakini sikuwahi kuwaangalia majirani. Wale majirani walikuwa na vyombo vitupu nyumbani! Walikuwa wamevitunza. Vilikuwa vimeoshwa, vimeinamishwa mahali, havina kazi siku hiyo, na hakuna aliyevitupa. Na mafuta yalikoma lini? Yalipokosa chombo. Kama mtaa ule ungekuwa mtaa wa kutumia na kutupa, yule mama angerudi na mikono mitupu, na watoto wangekwenda.

Basi baraza la wazee limekaa. Kanisa halitanunua tena vyombo vya kutupa, wala kwa Krismasi wala kwa msiba. Kamati ya Akina Mama imeanza sanduku la vyombo, sahani za bati na vikombe vya bati, vinavyonunuliwa kidogo kidogo. Leo ninapoandika sahani zimefika 64. Mwenye sherehe ataazima bila malipo, ataosha, atarudisha zikiwa kamili. Mpaka zitoshe, kila familia itakuja na sahani zake kutoka nyumbani zikiwa na alama. Na vile vikombe vidogo vya Meza ya Bwana tulivyokuwa tukitupa tangu makanisa yalipofunguliwa baada ya Korona, mashemasi wamerudia vile vya kioo. Vinachemshwa Jumamosi jioni. Sijasikia mtu aliyeugua.

Kuhusu sokoni sina maneno mengi. Mama zetu walikwenda na kitunga, na nyama ilifungwa kwa jani la mgomba. Ndagala wanaingia vizuri katika bakuli lenye kifuniko, chumvi katika kopo. Mafuta mpelekee muuzaji chupa yako. Mwanzo atakucheka. Mwuzaji wangu alinicheka majuma mawili, la tatu akaniongezea kijiko kimoja kwa kuwa namwokolea gharama ya vifuko.

Nepi ni habari ndefu zaidi. Siku hizi mama mchanga anaona haya akionekana hana pampasi. Tuhesabu. Mtoto mmoja akitumia 4 kwa siku, kwa miaka miwili ni 2,920. Zote zina nailoni ndani, na zote zinaishia shimoni au, mnisamehe, chooni. Choo cha kwetu ni shimo ulilochimba kwa jasho lako, hakuna gari la kukinyonya. Kikijaa pampasi kimekufa kabla ya wakati wake, nawe unaanza kuchimba upya. Kikwembe kimoja kilichochakaa kinatoa nepi kadhaa. Dazani mbili zinamtosha mtoto, na zikitunzwa zinamfaa mdogo wake. Luka anatuambia Mariamu alimvika mtoto wake vitambaa, na Mathayo anatuambia mtoto huyo huyo alikimbizwa usiku kwenda Misri. Sidhani njiani Mariamu alikuwa na kitu kingine zaidi ya vile vitambaa, maji na jua. Mwokozi wetu alilelewa hivyo, mama, usione haya.

Dada mmoja wa Rubondo alinisimamisha hapo hapo ibadani. "Mchungaji, sabuni iko wapi? Na maji? Wewe hupangi foleni ya bidoni." Watu walicheka, lakini alisema kweli. Kitambaa kinadai sabuni, kinadai maji, na anayefua ni mama, si mimi. Sina jibu zuri sana. Nasema tu kwamba bei ya paketi moja inanunua sabuni ya siku nyingi kuliko siku za paketi, maana dada huyo na mimi tulikwenda dukani tukalinganisha. Na kwa ninyi akina baba: bidoni halina jinsia. Kama unataka nyumba yako iache vya kutupa, beba bidoni. Mimi nimeanza, na mgongo unaniuma, lakini nimeanza.

Kuna jambo la mabinti zetu, nalo nitalisema kama baba. Vitambaa vya siku za mwezi vinavyofuliwa na kutumiwa tena vinashonwa hapa hapa Uganda, na mtu anaweza kushona vyake kwa pamba safi. Vinamwezesha mtoto kwenda shule bila kungoja pesa kila mwezi. Lakini lazima vifuliwe kwa sabuni na vikauke kabisa, tena juani. Mabinti wengi wanavificha chini ya godoro kwa aibu, vinabaki na unyevu, vinaleta ugonjwa. Akina mama, watafutieni kamba mahali pa faragha penye jua. Akina baba na kaka, mkiviona kwenye kamba, geuzeni uso na mpite.

Wala si kila kitu kinarudiwa, msije mkanielewa vibaya. Wembe ni wa mtu mmoja. Sindano hairudiwi kamwe. Bandeji ya kidonda ichomwe au izikwe mbali. Bidoni lililokuwa na dawa ya kunyunyizia shamba halitakuwa la maji hata ulioshe mara 100. Litoboe lisitumike. Na mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya maji au soda mahali mtoto anafika.

Sasa niseme lililo chini ya haya yote, ambalo kwangu ndilo kubwa. Baada ya ibada ile mama mmoja alibaki kwenye benchi. Nilidhani naye amekasirika. Akaniambia, "Mchungaji, unatuambia tusitupe. Mimi mwenyewe nimetupwa. Niko kama hiyo sashe, upepo unanileta hapa, unanipeleka kule, hakuna anayeniokota." Mume wake alibaki kule. Usaili wake wa kwenda nchi nyingine umeahirishwa mara nyingi. Sikuwa na andiko tayari mdomoni, na sikutaka kumpa la haraka haraka. Tulikaa tu.

Nimefikiri tangu siku hiyo. Nimemfikiri Paulo. Dameski walipotaka kumwua, ndugu walimshusha ukutani usiku ndani ya kapu, ndivyo Matendo 9 inavyosema. Lugha ya Kiyunani inalitaja kapu hilo kwa neno lile lile la yale makanda 7 yaliyojaa mabaki ya mikate, katika Marko 8. Ni kapu la kazi, la nyumbani kwa mtu. Leo linabeba mkate, kesho linabeba mkimbizi, na mtume wa Mataifa anatoka hai kwa sababu nyumba fulani ilikuwa na kapu imara. Na huyo huyo Paulo, mzee sasa, yuko kifungoni, anamwandikia Timotheo kwamba akija amletee joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo. Hakuomba joho jipya. Aliomba lake, lililokwisha kumfahamu, na Karpo alikuwa bado amemtunzia. Nilipolisoma hilo nilimwona yule mama. Mtu aliyeachwa mahali hajatupwa kama bado kuna anayemtaja kwa jina na kumtuma mtu amfuate. Nilikwenda nikamwambia hivyo. Hakunijibu kitu siku hiyo, alinipa maji ya kunywa, katika kikombe cha bati.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, tutakutana nyuma ya kanisa chini ya mwembe kushona mifuko ya sokoni kwa magunia meupe ya unga yaliyokwisha kazi. Atakayefundisha ni mama huyo. Kule kwetu alikuwa fundi cherehani, wala hakuna aliyewahi kumwuliza. Ameniruhusu kuandika maneno yake, ila jina lake nisiliandike. Kila mmoja aje na gunia moja lililofuliwa na kukauka, sindano ya magunia kama anayo, na uzi. Uzi wa gunia lenyewe ukifumuliwa taratibu unatosha. Wanaume wanakaribishwa, shemasi wa Masisi ameshajiandikisha. Mwenye sahani za kanisa tangu msiba wa juma lililopita, zile mbili zenye nukta ya bluu, tafadhali azirudishe kwa Mama Mweka Hazina kabla ya siku hiyo.